Nick Drake na kanda za nyumbani

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ambayo kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuiandika ubaoni, na kila mwanafunzi amewahi kuitungia insha, aghalabu kwa kuikubali bila ya swali. Sina nia ya kuivunjia heshima. Namwomba tu msomaji anivumilie nikimletea maisha ya kijana mmoja wa Kiingereza aliyetengeneza kitu kizuri mno, akashindwa kukitembeza, nacho kikakaa miaka mingi bila ya kujiuza. Jina lake lilikuwa Nick Drake. Alizaliwa mwaka 1948 na akafariki mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 26. Katika uhai wake alitoa santuri tatu, na hakuna hata moja iliyofikia nakala 5,000 ilipotoka. Leo wapiga gita wengi wa Ulaya na Marekani humhesabu miongoni mwa walimu wao, ingawa hawakupata kumwona.

Kilichomfungulia mlango ni ukanda wa kunasia sauti. Ukanda huo haukutoka katika studio yenye mitambo ya gharama, wala haukusimamiwa na fundi aliyesomea kazi hiyo. Aliurekodi mwenyewe, gita mikononi na mashine mbele yake. Siku hizi, ambapo kijana ana simu inayonasa sauti na picha wakati wowote apendao, huenda jambo hilo likaonekana dogo. Lakini katika miaka ya 1960 kinasa sauti kilikuwa mashine nzito ya mizingo miwili, na familia iliyojinunulia kitu kama hicho ilikuwa familia iliyopenda sauti kwa dhati. Familia ya Drake ilikuwa ya namna hiyo, na ndiyo maana habari hii haina budi kuanza kwa wazazi.

Baba, Rodney Drake, alikuwa mhandisi aliyekwenda Burma, nchi iitwayo leo Myanmar, mwanzoni mwa miaka ya 1930 kuitumikia Bombay Burmah Trading Corporation, kampuni iliyojulikana kwa biashara ya mbao za msaji. Huko alikutana na Mary Lloyd, ambaye wote waliomjua walimwita Molly, nao wakaoana mwaka 1937. Wajapani walipoivamia Burma mwaka 1942, Molly alikimbilia India pamoja na dada yake, na mjini Delhi ndugu hao wawili wakawa wakiimba katika redio ya All India Radio. Binti yao, Gabrielle, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri wa televisheni nchini Uingereza, alizaliwa Lahore mwaka 1944. Nicholas, mwana wa pili na wa mwisho, alizaliwa Rangoon Juni 19, 1948, miezi michache baada ya Burma kupata uhuru. Ilikuwa familia ya kikoloni, na hapana haja ya kuupaka ukweli huo mafuta. Walikuwa na yaya kutoka Burma waliyerudi naye kwao, na maisha yao yalikuwa ya watu waliozoea kutumikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walihamia Uingereza, katika kijiji cha Tanworth-in-Arden, kusini mwa jiji la Birmingham, wakaishi katika nyumba kubwa iliyoitwa Far Leys.

Katika sebule ya nyumba hiyo kulikuwa na piano, na Molly alikuwa mtunzi. Hakupata kuchapisha wimbo hata mmoja wala kuupeleka kwa kampuni yoyote. Alitunga kama vile mwanamke mwingine wa tabaka lake angefuma kitambaa, kwa ajili ya nyumba na wageni wa nyumba. Tofauti ni kwamba Rodney, ambaye alipenda mashine kama wahandisi wapendavyo, alimrekodi. Katika miaka ya 1950 alikiwasha kinasa sauti, mkewe akaketi mbele ya piano, na nyimbo zikaingia katika ukanda mmoja baada ya mwingine. Anayezisikiliza leo husikia sauti ya chini, yenye adabu nyingi, inayoimba juu ya muda unaopita, furaha iliyo kama deni, na huzuni iliyofichwa nyuma ya tabasamu la mwenyeji anayekaribisha chai. Mtoto alilelewa akizisikia. Maji hufuata mkondo, na yeyote aliyesikia kwanza nyimbo za mwana kisha akazisikia za mama atatambua mara moja mkondo ulianzia wapi.

Lakini kulikuwa na somo jingine, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa kubwa zaidi. Katika nyumba ile mtoto alijifunza kwamba wimbo ni kitu kinachotengenezwa nyumbani. Hakuona kwamba muziki unatoka katika kampuni, unashushwa kwa watu kupitia redio, na kazi ya mtu wa kawaida ni kuupokea tu. Alimwona mama akiuumba na baba akiuhifadhi. Mashine ya kurekodi haikumtisha, kwa kuwa ilikuwa chombo cha nyumbani sawa na jiko au cherehani.

Alipelekwa katika shule za bweni, kwanza Eagle House na baadaye Marlborough College, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa tabaka lake. Alikuwa hodari wa mbio fupi, mrefu, mpole, mwenye kupendwa. Alijifunza piano, klarineti na saksafoni. Baba yake alikumbuka baadaye kwamba katika ripoti mojawapo ya shule mwalimu mkuu aliandika kuwa hakuna mwalimu aliyeonekana kumjua vizuri. Naomba waalimu wanaosoma ukurasa huu wasilipite jambo hilo haraka. Mtoto asiyesumbua ndiye tunayemsahau. Huyu hakuvunja sheria za maana, hakuanguka vibaya katika mitihani, hakupigana. Kwa hiyo alipita mikononi mwa watu wazima wengi, wasomi, wenye nia njema, na wote wakabaki na picha ya kijana mzuri aliyesimama mbali kidogo. Mwalimu mkuu yule alistahili sifa kwa kuliona jambo hilo na kuliandika. Sijui ni wangapi kati yetu wangekuwa na ujasiri wa kuandika hivyo badala ya kujaza nafasi ile kwa maneno ya kawaida, kwamba mtoto ni mtulivu na ana bidii.

Huko Marlborough alikuwa na bendi ya wanafunzi. Husimuliwa kwamba mwanafunzi mwingine aliomba kujiunga nayo, wakamkataa kwa kuwa mapenzi yake yalielekea mno nyimbo za kuchezwa redioni. Mwanafunzi huyo alikuwa Chris de Burgh, ambaye nyimbo zake za mahaba hazihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyekuwa na redio katika miaka ya 1980. Mmoja akauza mamilioni ya santuri, mwingine akauza elfu chache. Nalitaja hili kwa tabasamu tu, maana halithibitishi lolote.

Mwaka 1965 alinunua gita lake la kwanza kwa pauni 13. Wanafunzi wenye kupiga gita watanielewa nikisema kwamba chombo hicho huwa na nyuzi sita zinazofungwa kwa mpango mmoja unaojulikana duniani kote, na kila kitabu cha kujifunzia hufuata mpango huo. Drake hakuufuata. Alizilegeza na kuzikaza nyuzi apendavyo, wimbo huu kwa mpango huu na wimbo ule kwa mpango mwingine, hadi gita likamletea sauti ambazo mpiga gita wa kawaida hawezi kuzipata hata akivunja vidole. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilishika besi bila kuyumba, kama mtu anayetwanga kwenye kinu, huku vidole vingine vikicheza juu yake. Hayo hayaji kwa kipaji peke yake. Yanakuja kwa saa nyingi za kurudiarudia kitu kimoja chumbani, usiku, wengine wakiwa wamelala. Hakuacha maelezo ya maandishi juu ya namna alivyozifunga nyuzi zile, na wapiga gita wametumia miaka mingi kuzitafuta kwa masikio.

Mapema mwaka 1967, kabla ya kuingia chuo kikuu, alikwenda Aix-en-Provence kusini mwa Ufaransa kwa masomo ya miezi michache. Huko alipiga gita barabarani kutafuta senti, na akafika hata Morocco pamoja na rafiki zake. Aliporudi Far Leys alianza kuitumia mashine ya baba yake kwa bidii. Rekodi za nyumbani za wakati huo, pamoja na nyingine alizorekodiwa na rafiki huko Aix, zilikuja kutolewa mwaka 2007 katika mkusanyo ulioitwa Family Tree. Kama ningekuwa mwalimu wa muziki ningezichezesha darasani mara kwa mara. Ndani yake kuna kijana anayeimba nyimbo za watu wengine, za Bob Dylan, za Bert Jansch, za Jackson C. Frank, pamoja na nyimbo za jadi ambazo hazina mtunzi anayejulikana. Anaiga, na haoni haya kuiga. Mara, katikati ya kuiga huko, unatokea wimbo ambao si wa mtu mwingine. Sauti ni ile ile, chumba ni kile kile, mashine ni ile ile ya baba, lakini sasa anayeimba si mwanafunzi tena. Santuri zilizosafishwa studioni huficha safari hiyo, nazo hutufanya tuamini kwamba msanii alizaliwa akiwa ameiva. Ukanda wa nyumbani hauna hila hiyo.

Oktoba 1967 alijiunga na chuo cha Fitzwilliam katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea fasihi ya Kiingereza. Waalimu wake walimwona kuwa na akili lakini asiyejishughulisha. Alipenda kukaa chumbani akipiga gita na kusikiliza santuri kuliko kula katika bwalo au kucheza michezo ya chuo. Hata hivyo hapo ndipo alipompata Robert Kirby, mwanafunzi wa muziki aliyejua kuandika sauti za fidla na zumari, nao wakafanya tamasha ndogo ndogo pamoja.

Katika majira ya baridi ya 1967 kuingia 1968 Drake alipiga muziki katika ukumbi wa Roundhouse, mjini London, katika orodha ndefu ya wasanii. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Ashley Hutchings, mpiga gita la besi wa kundi la Fairport Convention. Hutchings alipendezwa, akaichukua namba ya simu ya kijana huyo na kumpa Joe Boyd, Mmarekani mwenye umri wa miaka 25 aliyekuwa na kampuni ndogo ya kujitegemea iliyoitwa Witchseason. Boyd akapiga simu na kumwuliza kama alikuwa na ukanda wowote. Alikuwa nao. Akaupeleka yeye mwenyewe, akaukabidhi bila ya maneno mengi. Ulikuwa na nyimbo chache tu, sauti moja na gita moja. Boyd alipousikiliza, kabla hata ya wimbo wa kwanza kumalizika alijua kwamba alichokipata hakikuwa cha kawaida. Akamwita, akampa mkataba.

Yafaa tutue hapa kidogo. Kwa nini ukanda ule ulifaulu? Wengi watasema kwamba nyimbo zilikuwa nzuri, na ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Nyimbo hizo hizo alipoziimba baadaye mbele ya watu mia tano hazikufaulu. Drake alikuwa na sauti ndogo, iliyo karibu sana na pumzi, na gita lake lilitaka kusikilizwa kama mtu anavyosikiliza siri. Jukwaani sauti hiyo ilipotea katikati ya vikohozi na mgongano wa bilauri. Katika ukanda, msikilizaji alikuwa ni mtu mmoja, ameketi peke yake, umbali wa mkono kutoka kwenye kinywa cha mwimbaji. Kinasa sauti kilikuwa ukumbi wa kadiri yake. Nyumba ya Far Leys ilikuwa imemfundisha kuimba hivyo, kwa sababu humo hapakuwa na mtu wa kumpigia kelele. Fauka ya hayo, ukanda ulimwondolea aibu. Mtu mwenye haya, asiyeweza kusimama mbele ya tajiri wa kampuni na kujinadi, aliweza kuutanguliza ukanda wake na yeye mwenyewe akabaki nyuma. Waliouvumbua ukanda wa sauti huenda hawakufikiria kwamba wamewafanyia wema wakubwa watu wa namna hiyo.

Santuri ya kwanza, Five Leaves Left, ilichukua takriban mwaka mzima kurekodiwa katika studio ya Sound Techniques, Chelsea, na fundi wake alikuwa John Wood. Mwanafunzi alisafiri kutoka Cambridge kwa treni, akarekodi, kisha akarudi chuoni. Boyd alikuwa ameajiri mpangaji wa ala mwenye uzoefu. Drake alisikiliza kazi ya bwana huyo na, bila ya kupandisha sauti, akasema haimfai. Akamtaja rafiki yake Kirby ambaye hakuwa amewahi kuingia studioni kwa kazi kama hiyo. Ilikuwa kamari, lakini Boyd aliikubali, na fidla za Kirby zikawa miongoni mwa mambo yanayosifiwa zaidi katika santuri hiyo. Wimbo mmoja tu, River Man, wenye mapigo matano kwa kila kipimo, ulimshinda Kirby, ukapangwa na Harry Robinson. Ni nani aliyemfundisha kijana huyu mnyamavu kusimama imara namna hiyo mbele ya watu waliomzidi umri na cheo? Nadhani ni ule ukanda. Alikwisha kuzisikia nyimbo zake katika utulivu wa nyumbani, akajua zinavyotakiwa kuwa.

Jina la santuri lilitokana na kijitabu cha karatasi za kuvingirishia sigara, ambamo mtumiaji alionywa kwamba zimebaki karatasi tano. Ilitoka mwaka 1969, naye akafa mwaka 1974, miaka mitano baadaye. Wapo wapenda ndumba wanaoliona hilo kuwa utabiri. Mimi naliona kuwa hesabu tu.

Katika mwaka huo wa 1969, zikiwa zimebaki kama miezi tisa afanye mtihani wa mwisho wa shahada yake, aliacha chuo. Baba yake alimwandikia akimsihi asifanye hivyo, akimweleza kwamba shahada ingekuwa wavu wa kumdaka kama muziki ungemwangusha. Mwana alijibu kwamba wavu ndicho kitu ambacho hakukitaka kabisa. Najua wanafunzi watamshangilia Nick na waalimu watakuwa upande wa Rodney. Nami, nikiulizwa, niko upande wa Rodney, ingawa si kwa sababu wengi wanazozidhani. Si kwamba shahada ya Cambridge ingempatia kazi ya benki. Ni kwamba chuo kilikuwa mahali pa mwisho ambapo alikuwa na watu wa rika lake wanaobisha mlango asubuhi, Kirby na wenzake, na alipokiacha alijikuta peke yake katika chumba cha kupanga jijini London akiwa na gita na ukimya. Miezi tisa si muda mrefu. Hata hivyo ni lazima tukiri kwamba baba hakumfukuza wala kumkatia msaada, na mlango wa Far Leys haukufungwa hata siku moja.

Santuri ile haikuuzwa. Kampuni ya Island, iliyoisambaza, ilikuwa mali ya Chris Blackwell, yule yule ambaye miaka michache baadaye alimtangaza Bob Marley ulimwenguni. Kwa hiyo haikuwa kampuni ya watu wasiojua muziki. Lakini Marley alipanda jukwaani na jukwaa likatetemeka. Drake alipopanda, aliketi, akaangalia sakafu, akaimba bila ya kusema neno kwa watazamaji. Kwa vile karibu kila wimbo ulikuwa na mpango wake wa nyuzi, baada ya kila wimbo alianza kulifunga gita upya, dakika baada ya dakika, huku watu wakianza kuzungumza. Septemba 1969 alipiga Royal Festival Hall akiwatangulia Fairport Convention, na mambo yalikwenda vizuri kwa kuwa ukumbi ulinyamaza. Kumbi nyingine hazikunyamaza. Katika tamasha moja mwezi Juni 1970 aliondoka jukwaani kabla ya wimbo kumalizika. Baada ya hapo hakupiga tena mbele ya hadhara. Hakupenda mahojiano pia, na haijapata kuonekana filamu yoyote inayomwonyesha akiimba.

Santuri ya pili, Bryter Layter, ya mwaka 1971, ilipambwa kwa ngoma, zumari na wanamuziki wenye majina, kwa matumaini kwamba safari hii watu wangeinunua. Hawakuinunua. Boyd akachoka na madeni, akaiuza Witchseason kwa Island na kurudi Marekani kufanya kazi ya muziki wa filamu. Husemwa kwamba katika kuuza huko aliweka sharti moja ambalo mfanyabiashara mwingine asingelifikiria, kwamba santuri za Nick Drake zisiondolewe sokoni kamwe, ziuze zisiuze. Kama sharti hilo lisingekuwapo, sijui kama leo tungekuwa na habari ya kusimulia. Hapo ndipo ninapoitilia shaka methali yetu. Kizuri kinaweza kujiuza, lakini lazima awepo mtu wa kukiweka rafuni siku zote ambazo hakina mnunuzi.

Oktoba 1971 Drake alimpigia simu John Wood, akamwambia ana nyimbo mpya. Walikutana studioni usiku, wawili tu, wengine wakiwa wamekwenda zao. Kwa vikao viwili walirekodi nyimbo 11, gita na sauti, na piano kidogo katika wimbo mmoja. Wood alimwuliza ni ala gani zitaongezwa. Hakuna, alijibiwa. Santuri hiyo, Pink Moon, ina urefu wa dakika 28 hivi. Baada ya fidla na ngoma za miaka miwili, alikuwa amerudi pale pale alipoanzia, kwenye ukanda wa mtu mmoja chumbani. Tofauti ni kwamba ule wa kwanza uliimbwa na kijana aliyetaka kutoka, na huu uliimbwa na mtu ambaye mlango ulikuwa ukimfungia.

Alikuwa mgonjwa. Maradhi yake ni sonona, ile huzuni nzito isiyojua sababu na isiyosikia nasaha, na ambayo katika jamii nyingi, yetu ikiwamo, huitwa uvivu au majivuno. Alirudi Far Leys, akaishi kwa posho ya pauni 20 kwa wiki kutoka Island. Mwaka 1972 alilazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Wakati mwingine alilitoa gari usiku na kwenda bila ya mwelekeo mpaka petroli ikaisha, kisha akawapigia wazazi simu waje wamchukue. Wakaenda kila mara. Mwaka 1974 alirejea studioni kurekodi nyimbo chache za mwisho, na wakati huo alikuwa hawezi kupiga gita na kuimba kwa pamoja, ikabidi sauti irekodiwe peke yake. Novemba 25, 1974, mama yake alimkuta amefariki kitandani kwa kuzidisha kipimo cha dawa alizopewa na daktari. Afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kuwa alijiua. Dada yake na baadhi ya rafiki zake wamelitazama jambo hilo kwa njia mbalimbali, na sioni faida ya kuliamua hapa. Ila nitasema hili kwa waalimu. Mwanafunzi anayeacha kuzungumza, anayejitenga na wenzake, anayeacha ghafla kitu alichokipenda, asingojewe mpaka ripoti ya mwisho wa muhula. Na mwanafunzi anayejihisi hivyo, amwambie mtu mzima anayemwamini, leo hii. Tiba ya maradhi hayo iko, na wengi hupona.

Kanda za nyumbani hazikumaliza kazi yake alipokufa. Baada ya miaka michache vijana wasiojulikana walianza kufika Tanworth-in-Arden, kutoka Uingereza na ng'ambo, wakiliulizia kaburi lake na kugonga mlango wa Far Leys. Rodney na Molly waliwakaribisha, wakawapa chai, wakawaonyesha chumba chake. Rodney, aliyekuwa sasa mzee, alifanya jambo ambalo kila nikilifikiria hunigusa kuliko mengine yote. Aliziingiza rekodi za nyumbani za mwanawe katika kaseti, akawagawia wageni. Baadhi ya kaseti hizo zilinakiliwa na kuuzwa kwa magendo, na wanasheria bila shaka wana la kusema juu ya hayo. Lakini katika miaka ile ambayo redio haikumcheza na magazeti yalikuwa yamemsahau, jina la Nick Drake lilitembea kutoka mkono hadi mkono ndani ya kaseti za mhandisi mstaafu. Mwaka 1979 Island ilikusanya santuri zote tatu katika sanduku moja lililoitwa Fruit Tree. Rodney alifariki mwaka 1988, Molly mwaka 1993.

Kwa hiyo hawakuishi kuyaona yaliyofuata. Mwishoni mwa mwaka 1999 kampuni ya magari ya Volkswagen iliutumia wimbo wa Pink Moon katika tangazo la televisheni nchini Marekani, na mauzo ya santuri iliyorekodiwa kwa vikao viwili vya usiku yakapanda mara nyingi. Mwaka 2004, miaka 30 baada ya kifo chake, wimbo wake uliingia kwa mara ya kwanza katika orodha ya nyimbo 40 zinazouzwa zaidi nchini Uingereza. Kisha ikaja Family Tree, ambayo ndani yake, katikati ya nyimbo za kijana, dada yake Gabrielle alikubali ziingizwe nyimbo mbili za mama.

Wasikilizaji wakauliza kama ziko nyingine. Zilikuwapo, katika mizingo ile ya miaka ya 1950. Mwaka 2013 zikatolewa katika albamu yenye jina la Molly Drake peke yake, miaka 20 baada ya mtunzi wake kufariki. Fundi aliyeketi kuzisafisha kanda hizo, kuondoa mikwaruzo na kuiacha sauti ya piano ya sebuleni, alikuwa John Wood.